Floraidi Haiishi kwa Kuchemsha

Akina mama wengi wa Arumeru huchemsha maji ya kunywa kila jioni, na sufuria ikishatokota huhesabu kazi imekwisha. Kwa vijidudu, kweli imekwisha. Kwa floraidi bado. Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano, na moto hauyaondoi. Mvuke ukitoka, floraidi hubaki ileile katika maji machache zaidi, ikazidi ukali. Klorini haiigusi, wala mkaa wa kawaida.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Peleka maji ya kisima chako maabara, uulize kiasi cha floraidi hasa. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi hapo, mlinde kwanza mtoto aliye chini ya miaka minane, maana meno yake ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi. Madoa ya kahawia yanayoletwa na floraidi yakishaingia kwenye meno, mswaki hauyatoi.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na chengachenga za mifupa ya ng'ombe zinazonasa floraidi, na kwa nyumba ya kawaida mimi naichagua njia hii. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa, ikajazwa kwenye ndoo ya chujio. Kabla ya kununua, chota kiganjani uziangalie. Zenye harufu ya kuungua hazikuiva, zitayanusisha maji. Nyeupe kama chokaa zimeungua kupita kiasi na nguvu yake imepungua. Andika tarehe ya kuzijaza ubavuni mwa ndoo, kisha pima maji tena kila baada ya muda, kwa sababu chengachenga zikishiba floraidi maji hutoka maangavu vilevile na ladha haibadiliki. Maji yaliyochujwa bado yachemshe.

Shule au kijiji chenye umeme wa uhakika kinaweza kufunga mtambo unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Unasafisha vizuri sana, ila sehemu ya maji hutoka kama taka yenye chumvi, na utando una gharama ya kubadilishwa. Tengeni fedha hiyo mapema.

Mwenye paa la bati akinge mvua: maji yake karibu hayana floraidi kabisa. Na magadi ya kulainishia maharage, tafadhali yaache. Nayo yana floraidi.