NANI KASEMA?

Wanafunzi wenzangu, ukipewa insha ya utafiti juu ya ubaguzi katika jamii, kalamu hukimbia yenyewe. Sisi wa Eastlands tuna mengi kifuani. Nani hajawahi kutaja mtaa wake akaona mtu anashika mfuko? Mimi nilijaza kurasa tatu bila kupumua: “Kila mtu anajua kwamba watu wa Lavington wanatudharau.” Nami Lavington sijawahi kukanyaga! Karatasi zilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu: “Nani kasema?”

Basi nikaenda maktaba ya Kaloleni. (Ile ya Makadara pia iko karibu, zote ni matawi ya McMillan ya mjini.) Nilitaka kitabu chenye neno “ubaguzi” kwenye jalada. Mkutubi akaniuliza, “Ubaguzi wa nani, wapi, mwaka gani?” Swali hilo liliniokolea siku nzima. Nilipoanza kutafuta “Nairobi, historia”, “makazi”, “ardhi” na “sensa”, vitabu vikajitokeza. Na ukipata kimoja kizuri, fungua nyuma kwanza: faharasa itakupa kurasa unazotaka, na marejeleo yatakutajia vitabu vingine vitano.

Sasa, mtego uko hapa. Ukisoma historia ya jiji letu utakutana na Profesa W. J. Simpson. Katika ripoti yake ya 1913 alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na hoja yake ilikuwa afya. Huyu ni msomi, na ripoti ni ya serikali, ina jina na mwaka. Kwani si chanzo cha kuaminika? Ndiyo, lakini kwa jambo gani? Ni shahidi mzuri wa fikira za watawala wa wakati ule. Si shahidi wa usafi wa babu zetu. Ukiandika “Waafrika walitengwa kwa sababu ya magonjwa”, umegeuka karani wake. Ukiandika “Simpson alidai kwamba kuwatenga watu kungezuia magonjwa”, hapo umeanza kazi.

Kisha mtafutie mwenzake wa kubishana naye. Andrew Hake, katika kitabu chake African Metropolis cha 1977, anaonyesha jinsi maskini wa Nairobi walivyojijengea jiji kwa mikono yao. Ukiweza, fika pia Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, pale Moi Avenue, usome barua na ripoti zenyewe. Wazee wa mtaa nao wahojiwe, ila andika maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na tarehe ya mahojiano. Yale ya kwenye simu yasiyo na mwandishi wala mwaka, mimi nayaacha.

Mfano ulionigusa zaidi sikuutafuta mbali. Maktaba ya McMillan yenyewe, yenye simba wa mawe mlangoni, ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ikawa ya wananchi wote baada ya Baraza la Jiji kuichukua mwaka 1962. Yaani mwanafunzi wa Kaloleni wa miaka ya hamsini hangeketi kule kusoma juu ya ubaguzi.

Nikaianza insha upya hapo hapo mlangoni. Safari hii wino mwekundu uliuliza tu: “Ukurasa wa ngapi?”