Mwanafunzi, Ratiba Yako Ianze na Usingizi

Je, wewe ni mwanafunzi wa chuo ambaye kila mitihani ikikaribia hukesha, macho mekundu na kikombe cha kahawa mkononi? Huenda shida si wingi wa masomo bali ni ratiba iliyoanzwa upande usiofaa.

Wengi huandika masomo kwanza, kisha usingizi ukapewa saa zilizosalia. Geuza mambo. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji kulala kati ya saa 7 na 9 kila usiku, na ni katika usingizi huo ubongo huimarisha yale aliyosoma mchana. Chukua daftari, chora siku 7 za juma, na ujaze kwanza saa za kulala. Kisha jaza mihadhara, na safari pia. Anayetoka Rongai kwa matatu asubuhi asijidanganye kwamba atafika mjini kwa dakika 20! Kinachobaki ndicho muda wako wa kusoma. Kikiwa kidogo, punguza mambo mengine, wala si usingizi.

Simu nayo iachie tarehe za mitihani na za kukusanya kazi, ikukumbushe siku 3 mapema, maana daftari halilii. Lakini ukiifungua saa nne usiku kutazama ratiba, utashtukia ni saa saba na ungali unatazama video. Kwa hivyo ratiba ya kesho isome kwenye karatasi, simu ukiiacha mbali na kitanda. Kengele ya kukuamsha? Nunua saa ndogo ya mezani.