Kufundisha Mazungumzo ya Wanavyuoni wa Dini Mbili katika Somo la Historia

Mwaka mmoja nilikwenda Wilaya ya Micheweni kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu. Katika skuli moja nilimkuta mwanachuo akisomesha Darasa la Sita juu ya kuja kwa wamisionari Afrika ya Mashariki. Tarehe zake zilikuwa sahihi, ramani ilichorwa vizuri, na sauti yake ilisikika. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, walipokuja wale mapadri, masheikh wetu waliwaambia nini?"

Mwalimu akajibu: "Hilo halimo katika somo. Kaa kitako."

Darasa zima likageuka kumtazama mtoto mmoja wa kike, mtoto wa mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Pemba, ambaye peke yake humo alikuwa Mkristo. Mtoto yule aliinamisha kichwa, wala hakukiinua mpaka kengele ilipolia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Katika ripoti yangu niliandika kwamba nidhamu ya darasa ilikuwa nzuri.

Naandika makala haya kwa sababu ripoti ile ilikuwa na kasoro kubwa kuliko ya mwanachuo niliyemkagua. Swali la yule kijana lilikuwa ndilo swali bora la siku ile, na jawabu lake limo katika historia yetu wenyewe. Kwa kuwa halikujibiwa, watoto walijifunza kwamba dini ya mwenzao ni jambo la kutazamana kwa jicho la pembeni.

1. Maarifa anayohitaji mwalimu

Mwalimu hawezi kujibu asilolijua. Basi na ashike vizuri mambo manne yafuatayo.

La kwanza ni la Mombasa. Mwezi wa Januari 1844, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza, alifika Unguja. Seyyid Said bin Sultan alimpokea na kumpa barua ya kumjulisha kwa watawala wake wa mwambao. Mwaka huo huo, akiwa Mombasa, Krapf alianza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Kadhi Ali bin Muhyiddin. Kadhi hakuiacha dini yake, wala Krapf hakuiacha yake. Lakini mtu hawezi kumsaidia mwenziwe kufasiri bila ya kumwuliza: "Wewe ukisema neno hili, wakusudia nini?" Swali hilo ndilo mwanzo wa mazungumzo yote ya maana.

La pili ni la Unguja. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alifika mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Mwaka 1874 akawa askofu, hadi alipofariki mwaka 1882. Katika mji huo huo aliishi Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni mkubwa, aliyefariki mwaka 1896. Wawili hao walijadiliana juu ya dini, kila mmoja akiitetea yake kwa elimu yake, na kila mmoja alikufa katika dini yake.

La tatu ni la hapa Pemba, nalo linahusu maisha ya watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa ulipoteza nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Wakristo wa jamaa ya Marafiki, kutoka Uingereza, walikuja Pemba na kuanzisha kituo chao Banani, karibu na Chake Chake, katika shamba la karafuu. Hivyo dini ilikabiliwa na swali la wakati mpya: mtu aliyekuwa mtumwa jana afanye kazi gani leo, na kwa ujira gani? Swali hilo halikwisha upesi. Mwaka 1920 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliandika kijitabu cha kuilaumu Serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu.

La nne ni la vitabu. Mwaka 1923 Padri Godfrey Dale wa misheni hiyo ya Unguja alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmad wa Jumuiya ya Ahmadiyya alitoa yake mjini Nairobi. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, hakuridhika na tafsiri hizo, wala hakuficha kutoridhika kwake. Tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969. Jawabu la kitabu likawa kitabu, na Kiswahili kikapata faida.

2. Matayarisho

Kabla ya kuingia darasani, mwanachuo amwone mwalimu mkuu amweleze shabaha ya somo. Ikiwezekana, amtembelee pia mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa ule. Wazazi wengi wana hofu kwamba mtoto akitajiwa itikadi ya dini nyingine ataipoteza yake. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Inatokana na mapenzi ya mzazi kwa mwanawe. Dawa yake ni kueleza mapema kwamba hili ni somo la Historia, si la kuhubiri.

Shabaha iwe moja na iandikwe wazi: mwisho wa somo, mwanafunzi aweze kueleza kwa haki anachoamini mtu wa dini nyingine, bila ya kukibeza na bila ya kukikubali.

Zana ni chache: ramani ya mwambao tangu Barawa hadi Kilwa, mstari wa miaka ubaoni, na kadi kumi na mbili za karatasi ngumu.

3. Hatua za somo (vipindi viwili)

Hatua ya kwanza. Mwalimu asimulie kisa cha Krapf na Kadhi Ali, kisha aulize: "Ungekuwa wewe ni kadhi, ungemsaidia mgeni huyu? Kwa nini?" Asikilize majawabu yote, ya ndiyo na ya hapana, wala asimkemee aliyesema hapana.

Hatua ya pili. Ubaoni aandike vichwa vitatu: Tunajua, Waislamu wanaamini, Wakristo wanaamini. Wanafunzi waje mmoja mmoja kuweka kadi mahali pake. Kadi isemayo "Steere alifika Unguja mwaka 1864" itakwenda kichwa cha kwanza. Isemayo "Muhammad (S.A.W.) ni Mtume wa mwisho" itakwenda cha pili. Isemayo "Isa ni Mwana wa Mungu" itakwenda cha tatu. Hapa ndipo penye moyo wa somo. Mtoto aliyeiweka kadi ya tatu mahali pake hakubadili itikadi. Amesema kweli juu ya wanachoamini wengine, na kusema kweli juu ya mtu asiyekuwepo ni katika uadilifu.

Hatua ya tatu. Darasa ligawanywe makundi, na kila kundi lipewe swali moja la maisha ya leo. Kwa watoto wa Micheweni, ambao wazee wao huvua na kulima mwani, swali la bahari linafaa zaidi: "Je, ni halali kuvua kwa baruti?" Mwalimu aeleze kwamba katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilichofanywa hifadhi mwaka 1998, mafunzo ya Kiislamu yalitumiwa kuwahimiza wavuvi waitunze bahari kama amana ya Mwenyezi Mungu. Aeleze pia kwamba mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika waraka mrefu juu ya wajibu wa kuitunza dunia. Wanafunzi watafute wapi hoja zinakutana na wapi zinaachana.

Hatua ya nne. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano kwa maneno yake, akianza hivi: "Wanavyuoni hawa walipozungumza…"

4. Hadhari

Usimfanye mtoto mmoja kuwa msemaji wa dini yake. Mtoto wa miaka kumi na miwili si padri wala sheikh. Akitaka kusema, aseme; asipotaka, mwache akae kama wenzake.

Usiulize nani alishinda. Swali hilo hulifanya darasa uwanja wa ngoma.

Wala usiseme kwamba dini zote ni sawa, ili kuepuka ugomvi. Al-Amawi na Steere wote wawili wangelikataa neno hilo. Tofauti zitajwe zilivyo. Adabu ni katika namna ya kuzitaja.

5. Hitimisho

Pengine mwanachuo atauliza: kuna haja gani ya kuyagusa haya? Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Walioumizwa walikuwa wa dini zote mbili. Sidai kwamba somo moja la Historia lingeliyazuia hayo. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoea kuuliza, "Wakusudia nini?" ana njia nyingine mbele yake anapotofautiana na mwenziwe.

Tangu siku ile nimeongeza swali moja katika karatasi yangu ya ukaguzi: Je, swali la mwanafunzi lilijibiwa? Wanachuo watakaokwenda mazoezini mwaka huu wajue kwamba nitaliuliza.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Tayarisha kadi kumi na mbili za hatua ya pili, nne kwa kila kichwa.
2. Andika utakavyomweleza mzazi anayepinga somo hili.
3. Mwanafunzi akikuuliza, "Mwalimu, wewe waonaje, nani mkweli?" utamjibu nini mbele ya darasa lenye watoto wa dini mbili? Jadili na mwenzako kabla ya kuandika.