Chuo Kijue au Kisijue?

Mshauri wa wanafunzi anajibu maswali ya wanavyuo na wazazi wao.

Nipo mwaka wa pili, daktari amesema nina sonona. Ni lazima chuo kijue?

Kama dawa unameza, testi unafanya na mambo yanakwenda, siri ni yako. Lakini kama umeshakosa testi mbili na kuamka kwenyewe ni kazi, ukinyamaza chuo kitakuhesabu mtoro tu.

Nimwambie nani? CR wetu, kiongozi wa darasa, ni rafiki yangu.

CR mwache, kundi la WhatsApp la darasa halichelewi. Anza na mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Mhadhiri hahitaji jina la ugonjwa, anahitaji kujua unaomba nini. Mistari minne inatosha: “Nipo kwenye matibabu. Dawa zinanipa usingizi mzito asubuhi. Naomba testi ya saa moja niifanye mchana. Cheti cha daktari nimeambatanisha.”

Faili langu litabaki siri?

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo sheria haikai masijala. Uliza barua yako itapita kwa nani, na bahasha ifunge mwenyewe.

Nisubiri matokeo kwanza?

Hapa ndipo wengi wanapodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Anayeomba kuahirisha mtihani kabla hajaingia chumbani ana hoja. Anayeleta cheti baada ya kufeli anaonekana anatafuta kisingizio, hata kama aliumwa kweli. Ukitaka kuahirisha mwaka mzima, pita kwanza ofisi ya mikopo, maana bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, halikufuati nyumbani.

Mwanangu amenificha, nimeambiwa na mwenzake. Niende chuoni?

Mama, usiende bila yeye. Mpigie, muulize anakula, analala? Akikubali, msindikize, na ofisini mwache aongee mwenyewe. Ila akitaja kujiua, usingoje ridhaa: mtafute mtu wa kukaa naye saa hiyohiyo, afikishwe hospitali. Najua watu wanaogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa Januari 2025. Kwetu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo. Lakini kinahusu kujaribu. Kumwambia daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa, na wodini maneno hayo wameshayasikia mara nyingi.