Fedha Alizotoa Kabla ya Kufilisika: Nani Anazirudisha, na Rufaa Inakatwa Lini?

Mtu anapofilisika Marekani, mfilisi anayeteuliwa kusimamia mali yake hupekua akaunti zake za benki miaka kadhaa nyuma. Ndugu, rafiki, shule au mshirika wa biashara aliyewahi kupokea fedha kutoka kwake anaweza kushtukia barua ya wakili inayomtaka azirudishe. Yafuatayo ni maswali ambayo wapokeaji wa barua hizo huwa nayo.

Fedha nilipewa na mwenyewe kwa hiari yake. Mfilisi anaingiaje?

Anaingia kwa niaba ya wadai. Aliyezama kwenye madeni hana uhuru kamili wa kugawa mali ambayo wadai wake wanaitegemea. Wazo hili ni la zamani. England ilitunga sheria yake mwaka 1571, enzi za Malkia Elizabeth I, na mwaka 1601 ikaja kesi ya Twyne. Mtu mmoja wa Hampshire aliyekuwa na madeni alimwandikia mdai mmojawapo hati ya siri ya kumpa mali yake yote, kisha akabaki na kondoo walewale, akiwakata manyoya na kuwatia alama yake. Majaji walitazama ile siri, mali yote kutolewa kwa mkupuo na mtoaji kuendelea kuitumia, wakasema hii ni hila. Ishara hizo bado zinatafutwa leo, ila sasa badala ya kondoo ni nyumba iliyohamishiwa jina la shemeji.

Kifungu cha 548 cha Sheria ya Kufilisika ya Marekani kinamruhusu mfilisi kutengua uhamishaji uliofanyika ndani ya miaka miwili kabla ya maombi ya kufilisika kuwasilishwa. Kifungu cha 544 kinamruhusu kutumia pia sheria ya jimbo, ambayo mara nyingi inarudi nyuma miaka minne.

Sikujua hila yoyote. Hilo halinisaidii?

Linasaidia, lakini si mara zote. Mfilisi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuthibitisha kwamba mdaiwa alikusudia kuwadhulumu wadai. Ya pili haiulizi nia ya mtu: inatosha kwamba mdaiwa alikuwa tayari hajiwezi kwa madeni, na alitoa mali bila kupata thamani inayokaribiana nayo. Hapa ndipo wasio na hatia wanaponaswa.

Chukua kesi ya Chuo Kikuu cha Sacred Heart, iliyoamuliwa mwaka 2019 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza, yenye makao Boston. Wazazi wawili wa Massachusetts waliokuwa wakiendesha upatu wa kitapeli walimlipia ada binti yao, mtu mzima, zaidi ya dola 64,000. Chuo kilifundisha na binti alisoma. Hakuna aliyemwibia mwenzake darasani. Hata hivyo mfilisi alizidai fedha hizo. Jaji wa kufilisika aliona kwamba mzazi ananufaika mwanawe akielimika na kujitegemea. Mahakama ya Rufaa ilikataa: thamani ile alipewa binti, wazazi hawakuwa na wajibu wa kisheria kumsomesha mtu mzima, na wadai hawakubakiwa na chochote cha kugawana. Kwetu sisi tunaohesabu kumsomesha mtoto kuwa deni la kwanza la mzazi, hukumu hii inauma. Nami naiona sahihi, kwa sababu ada ile ilitoka mifukoni mwa watu waliotapeliwa, na baadhi yao bila shaka walikuwa na watoto wa kusomesha.

Ikiwa ulitoa thamani ya kweli kwa mdaiwa mwenyewe, kwa nia njema, unalindwa kwa kiasi cha thamani hiyo. Kwa hiyo tunza stakabadhi, mikataba na ujumbe wa simu. Sadaka na zaka nazo zina ulinzi wake tangu mwaka 1998: kwa mfano, mchango wa mtu binafsi kwa taasisi ya dini usiozidi asilimia 15 ya mapato yake ya mwaka hautenguliwi kwa ile njia ya pili. Nia ya kudhulumu ikithibitishwa, ulinzi huo haupo.

Fedha nilishazituma nyumbani. Atazifuata?

Anaweza kukudai wewe uliyezipokea kwanza, hata kama huna tena senti. Anaweza pia kumfuata aliyezipokea kutoka kwako, isipokuwa mtu huyo alitoa thamani kwa nia njema bila kujua kasoro ya uhamishaji huo. Katika kesi zilizotokana na utapeli wa Bernard Madoff, mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao New York iliamua Februari 2019 kwamba kama fedha zilitolewa mara ya kwanza kutoka Marekani, mfilisi anaweza kuzidai hata baada ya kupita mikononi mwa wageni nje ya nchi. Kukusanya ni jambo jingine: hukumu ya Marekani haijitekelezi yenyewe Mombasa wala Dar es Salaam, lazima ipite mahakama za huko.

Niliomba kesi itupwe, jaji amekataa. Naweza kukata rufaa sasa hivi?

Kama haki yako ya moja kwa moja, hapana. Amri ya kukataa kutupa kesi haimalizi kesi. Hata jaji akisema uhamishaji ulikuwa wa hila lakini bado hajaamua kiasi cha kulipa, kwa kawaida hiyo nayo ni amri ya katikati. Rufaa dhidi yake huhitaji idhini ya mahakama ya wilaya ya shirikisho (ambayo hadhi yake iko karibu na Mahakama Kuu zetu) au ya jopo la rufaa za kufilisika pale lilipo. Ombi huwasilishwa ndani ya siku 14.

Majaji hutazama kama kuna hoja ya kisheria inayobeba kesi, kama mahakama zinatofautiana kweli kuhusu hoja hiyo, na kama kuijibu mapema kutaharakisha mwisho. Malalamiko kwamba jaji amepima ushahidi vibaya hayafiki popote. Tangu mwaka 2005 ipo pia njia ya kuruka moja kwa moja hadi mahakama ya rufaa ya mzunguko, mahakama hiyo ikikubali. Kesi ya Sacred Heart ilipita huko, na ilifaa: swali lilikuwa moja na mahakama zilikuwa zikipishana.

Kwa nini mahakama zinabana rufaa hivyo?

Kwa sababu kila mwezi wa kusubiri unalipiwa na wadai. Mfilisi wa Madoff, Irving Picard, alifungua takriban kesi elfu moja kufikia Desemba 2010. Amekusanya zaidi ya dola bilioni 14, na baadhi ya kesi zilivuka mwaka 2020 hazijaisha. Fikiria kama kila amri ndogo ingekuwa na rufaa yake. Tanzania nayo ilifunga mlango huo mwaka 2002, ilipozuia rufaa kwenda Mahakama ya Rufani dhidi ya maamuzi madogo yasiyomaliza shauri.

Lakini kuna dhuluma ndani yake ambayo nadhani majaji wanapaswa kuiona. Benki kubwa humudu miaka kumi ya mawakili. Mpokeaji mdogo mwenye hoja nzuri ya sheria hulazimika kusuluhisha kwa sababu gharama za kufikia hukumu zinapita deni lenyewe. Ombi lake la idhini lisikataliwe kwa mazoea.

Nitajuaje amri ipi ni ya mwisho?

Uliza wakili siku ileile. Katika kufilisika, shauri dogo ndani ya kesi kubwa linaweza kuwa na mwisho wake. Januari 2020, katika kesi ya Ritzen, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema amri iliyomkatalia mdai ruhusa ya kuendelea na kesi yake katika mahakama ya jimbo ilikuwa ya mwisho. Mdai alikuwa amesubiri hadi dai lake lenyewe likataliwe. Siku zake 14 zilikuwa zimepita zamani. Amri ya katikati haina hatari hiyo: usipoikatia rufaa leo, unaweza kuipinga pamoja na hukumu ya mwisho.

Jambo jingine: katika madai ya hila, kama hujawasilisha dai katika ufilisi wala kukubali mamlaka ya jaji wa kufilisika, jaji huyo hatoi hukumu ya mwisho. Huandika mapendekezo, na jaji wa mahakama ya wilaya huyapitia upya. Kabla ya kusaini fomu ya kukubali, elewa unachoachia.

Nikiomba rufaa, kesi inasimama?

Haisimami. Unaomba zuio kwa jaji wa kufilisika kwanza, na unaweza kutakiwa uweke dhamana. Wakati ombi linasubiri, endelea kutoa nyaraka na kujibu maswali ya mfilisi kwa tarehe zilezile.