Mume na Mke wa Kigeni Wakija Kufundisha Kiingereza Ufipa

Mkuu wa sekondari moja ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, anatarajia kupokea mume na mke Wakristo kutoka ng'ambo, wote walimu wa Kiingereza. Anayemjibu ni mwalimu mstaafu wa somo hilo.

Mwalimu, mume ameshaombewa kibali. Mkewe naye afundishe kwa kibali hichohicho?

Hapana, Mkuu. Aliyeingia nchini kama mtegemezi wa mwenzake haruhusiwi kufanya kazi. Kila mmoja awe na kibali chake cha kazi, kwa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Kwa ukaazi, wamisionari na wanaojitolea huombewa daraja C. Anzeni mapema.

Wakishafika waingie darasani moja kwa moja? Vipindi vya Kiingereza vinanielemea.

Najua vinakuelemea, lakini Kiswahili kwanza. Makoko, kule Musoma, kuna shule ya lugha iliyofundisha wamisionari wengi, na Walutheri wanayo yao Morogoro. Wapeleke huko miezi michache.

Sababu ni hii. Mtoto wa kijijini huku hukua na Kifipa, au Kimambwe, au Kilungu. Shule ya msingi anasomeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza akikipata kama somo moja tu. Akiingia kidato cha kwanza, biolojia, jiografia na hisabati vyote vinageuka Kiingereza kwa mpigo. Hiyo ni lugha yake ya tatu, naye anatakiwa aitumie kujifunzia mambo mengine mapya. Ndiyo maana ananyamaza. Mgeni asiyejua Kiswahili atadhani ni uvivu au woga, kumbe mtoto anajua jibu na hana maneno ya kulisemea. Mimi mtoto wa namna hiyo ananiuma kuliko anayefeli kwa kutosoma.

Jambo la pili: usiwakabidhi kidato kizima halafu mwalimu wako wa Kiingereza akapumzike ofisini. Wafundishe pamoja, darasa moja, wakiandaa somo pamoja jioni. Mgeni ashike mazungumzo, matamshi na kusoma hadithi kwa sauti. Mwenyeji anaujua mtaala, anaijua mitihani, na anajua ni wapi watoto wetu hukwama. Wageni wakiondoka, huyo ndiye atakayebaki na darasa, na yeye atakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye Kiingereza kila siku, nafasi ambayo walimu wengi wa huku hawaipati.

Wanasema wanakuja pia kueneza Injili. Niwaruhusu darasani?

Kipindi cha Kiingereza kiwe cha Kiingereza. Hata shule ya kanisa ina watoto wa madhehebu mengine, na Waislamu, ambao wazazi wao wamewalipia ada wasome. Baada ya masomo kuna vyama vya wanafunzi Wakristo, UKWATA na TYCS, kuna kwaya, na kuna vipindi vya dini. Huko wana nafasi tele. Na wajiunge na jumuiya ndogondogo ya mtaani kwao, zamu ikifika wapokee sala nyumbani mwao kama familia nyingine. Ukristo wao utaonekana zaidi pale.

Na maisha ya nyumbani?

Waambie mapema kwamba Ufipa si Dar es Salaam. Juni na Julai baridi ni kali, wabebe masweta. Jiko la mkaa wasilale nalo chumbani hata siku moja, linaua. Chakula kipo: ugali, maharage, migebuka kutoka Ziwa Tanganyika. Kubwa ni wageni. Mlangoni itabishwa hodi jioni, watu wamekuja kusalimia tu. Wasione wanaingiliwa.

Mwaka mmoja unatosha?

Hautoshi. Chukua mfano: Karema, lilikoanzia jimbo Katoliki la Sumbawanga, alifika Adrian Atiman mwaka 1889. Alikuwa mtu wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea udaktari. Alioa hukohuko, akatibu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hatuwezi kumdai mtu maisha yake yote, lakini miaka miwili ndiyo ya chini. Mwaka wa kwanza wote huishia katika kuzoeana.

Kwa hiyo, Mkuu, kabla hujatuma barua ya mwaliko, kaa na mwalimu wako wa Kiingereza umuulize kama yuko tayari kufundisha pamoja nao. Akikataa, ahirisha.