Kibati cha askari shingoni: sababu gani kilifanywa?



Wengi wetu tumeona katika picha askari mwenye mnyororo mwembamba shingoni na vibati viwili vinaning'inia. Wengine hufikiri ni pambo, ao dawa ya vita. Si vile. Kibati hakizuii risasi hata moja. Ni kitambulisho: mwenyewe akifa, ao akiumia hata hawezi kusema, kinasema kwa ajili yake. Tuone namna kilivyoanza.

1. Karatasi mgongoni

Wakati Wamarekani walipopigana wao kwa wao (1861-1865), askari hawakupewa kitambulisho chochote. Maelfu na maelfu walizikwa bila jina. Mwezi wa sita 1864, kule Cold Harbor katika jimbo la Virginia, ofisa Horace Porter aliona askari wanashughulika na makoti yao. Alizani wanashona. Alipokaribia, kumbe wanaandika majina na makao yao juu ya karatasi na kuzibandika mgongoni mwa koti kwa pini. Walijua kesho yake wengi hawatarudi. Walitaka watu wa kwao wapate habari.

2. Kibati chenyewe

Wajeremani wa Prussia walikuwa na vibati tayari katika vita yao na Wafransa ya 1870. Kwa Wamarekani, aliyesukuma jambo hili ni mchungaji wa jeshi, Charles Pierce. Kazi yake kule Filipino ilikuwa kutambua na kuzika wafu, na katika 1899 aliomba kila askari apewe alama ya kumtambulisha. Amri ilitoka 1906: kibati cha alumini, cha mviringo, ukubwa wa feza ya nusu dola, chenye jina, cheo na kikosi.

3. Sababu gani viwili?

Fikirini vizuri. Kama kibati ni kimoja, ukikipeleka ofisini, maiti inabaki bila jina. Ukikiacha, ofisi haijui nani amekufa. Kwa hiyo katika 1916 Wamarekani na Waingereza wote waliamuru viwili. Kwa Waingereza, chekundu kilitolewa na kupelekwa, cha kijani kilibaki na maiti. Wajeremani walifanya kimoja chenye kuvunjika vipande viwili. Mapatano ya Geneva ya 1949 pia yanataka nusu ibaki na mwili.

Katika vita ya pili ya dunia, kibati cha Wamarekani kilionyesha vilevile aina ya damu, ili munganga asikosee, na herufi ya dini: P kwa Mprotestanti, C kwa Mkatoliki, H kwa Myahudi. Kilikuwa na pengo dogo pembeni. Watu husimulia kwamba pengo lile ni la kushindilia kibati katika meno ya maiti. Hadisi tu! Lilikuwa la kushika kibati sawasawa ndani ya mashini ya kuandikia.

4. Kibati bila kitabu

Lakini kibati peke yake hakitoshi. Ni kama numero ya mwanafunzi isiyoandikwa katika rejista: inamwita nani? Lazima mtu achukue jina na kuliandika.

Tutazame vita ya 1914-1918 huku kwetu. Wakati Force Publique ya Kongo ilipoingia Tabora katika mwezi wa tisa 1916, risasi na chakula vilifika juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza pia wapagazi walikuwa mamia ya maelfu. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Wengi sana walikufa kwa njaa na magonjwa. Tume ya Waingereza yenye kazi ya kuandika wafu wa vita ilikiri yenyewe katika 2021: watu wasiopungua 116.000, pengine hata 350.000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina ao hawakukumbukwa kabisa. Si kwamba hawakuwa na majina. Mama zao waliwaita kwa majina. Ni kitabu kilichowakosa.

Basi, kama kwenu kuna muzee anayejua jina la babu aliyechukuliwa upagazi, mumuulize upesi, na muandike.

Maulizo (jibuni katika kaye)
1. Askari wa Cold Harbor walibandika karatasi mgongoni kwa sababu gani?
2. Kibati kimoja kilikuwa na shida gani?
3. Eleza: "Kibati bila kitabu hakitoshi."
4. Uliza nyumbani: nani wa jamaa yenu alikwenda vitani ao upagazini? Andika jina lake lote.